MTOTO WA NYOKA NI NYOKA, LAKINI MTOTO WA KAMBA JE?
Namna ADN inavyosaidia kupanga wanyama wadogo wa bahari



Zamu hii sisi wa mwaka wa sita tumeombwa kueleza jambo moja la biolojia. Tumechagua jambo lenye kuleta kelele darasani. Wanafunzi wengi, wanapofungua vitabu viwili vya biblioteki yetu, wanakuta kitabu cha zamani kimepanga mnyama fulani mahali hapa, na kitabu kipya kimempanga pengine kabisa. Halafu wanasema: "Kama wenye elimu wenyewe hawapatani, sisi tujifunze nini? Tuandike nini siku ya mtihani wa Serikali?" Wengine wanafikia hata kusema ya kuwa sayansi ni maneno ya watu tu, leo hivi, kesho vile.

Tunataka kuwajibu wale. Mpango unageuka kwa sababu kuko ushahidi mpya, na ule ushahidi unaweza kupimwa na mtu yeyote mwenye vyombo, awe wa Kongo, wa Norway ao wa Marekani. Mfano wetu ni wanyama wadogo wa bahari wa jamii ya krustase.

1. KRUSTASE NI NANI?

Ni wanyama wenye ganda gumu nje ya mwili, miguu ya vipande-vipande, na pembe nne za kupapasia kichwani. Kaa ni krustase. Kamba pia, wale watu wa mjini wanaita krevete. Aina zilizokwisha kuandikwa zinapita 60,000. Wengi si wakubwa kama kaa. Wengi ni wadogo kama punje ya mchele ao kupungua, nao wanaelea ndani ya maji.

Kati ya wale wadogo, wanaojulikana sana ni kopepodi. Musiseme: "Hayo ni mambo ya bahari, hayatuhusu." Ni kweli Kongo yetu ina pwani fupi sana, kule Muanda na Banana, na wengi wetu hatujaona bahari. Lakini kopepodi wako katika maziwa yetu vilevile. Ndakala wa Tanganyika anawala, na sambaza wa Kivu pia anakula krustase wadogo wa majini. Kwa hiyo kila mara tunapokula sambaza na ugali, tunakula kazi ya vidudu hivi. Baharini ni vilevile: samaki wadogo wanakula kopepodi, samaki wakubwa wanakula wale wadogo, na watu wanakula wote.

2. NAMNA YA ZAMANI: KUTAZAMA

Tangu Linnaeus wa Uswidi, ambaye mwaka 1758 alitoa chapa ya kumi ya kitabu chake kikubwa cha kupanga wanyama, kazi ilikuwa ya macho. Unahesabu miguu, unapima urefu, unatazama miiba, unachora. Baadaye mikroskopi ikasaidia. Kazi hii ni ya heshima, musiidharau. Charles Darwin mwenyewe alitumia miaka 8, tangu 1846 mpaka 1854, kwa kuchunguza kundi moja tu la krustase, ndio balani. Hawa ni wanyama wenye magamba meupe, wanaonata juu ya mawe ya pwani na chini ya mashua bila kuondoka tena.

Wale balani wanafundisha vizuri hatari ya macho. Linnaeus aliwaweka pamoja na konokono na chaza, kwa sababu ya magamba yao. Hata Cuvier wa Ufaransa, bwana mkubwa wa kupasua wanyama, aliwahesabu hivyo. Kisha daktari mmoja wa jeshi la Uingereza, John Vaughan Thompson, aliyekaa Ireland, akawatazama watoto wao. Kumbe mtoto wa balani anaogelea, ana miguu na macho, kama mtoto wa krustase! Aliandika habari hiyo mwaka 1830. Basi balani wakahama nyumba.

Kwa hiyo macho yanaweza kudanganywa kwa njia tatu:
a) Mtoto hafanani na mama yake hata kidogo.
b) Aina mbili zinafanana kabisa, na zinahesabiwa kuwa moja.
c) Mnyama anayeishi ndani ya mwili wa mwingine anapoteza miguu na macho, na hakuna kitu kinachobaki cha kumtambulisha.

Tutaona mfano mmoja kwa kila njia. Lakini kwanza tueleze ADN.

3. ADN INASOMWA NAMNA GANI?

Ndani ya kila seli kuko ADN, ni kama maandishi marefu yenye herufi nne tu: A, T, G na C. Mzazi anampa mtoto nakala. Kila mara ya kunakili, kosa dogo linaweza kuingia, na kosa lile linapita kwa watoto na wajukuu.

Tufikiri juu ya daftari. Mwalimu anaandika somo ubaoni. Mwanafunzi mmoja anakosa neno. Mwenzake ananakili kwa daftari yake, naye anaandika kosa lile lile, na kuongeza lake. Siku ya kusahihisha, mwalimu anasema: "Wewe na wewe, mumenakiliana!" Amejua namna gani? Si kwa majibu mazuri, maana majibu mazuri yanaweza kutoka kwa kila mtu. Amejua kwa makosa mnayoshiriki. Wachunguzi wa ADN wanafanya kama mwalimu yule. Wanyama wawili wenye mageuzi ya namna moja katika herufi zao, yaelekea wameyapokea kwa babu mmoja.

Tazameni mfano tuliojitungia wenyewe:

Mnyama wa kwanza: ATGGCATTAC
Mnyama wa pili:   ATGGCATTAC
Mnyama wa tatu:   ATAGCGTTGC

Wa kwanza na wa pili hawana tofauti. Wa tatu ana tofauti na wao mahali patatu. Katika kazi ya kweli hawatumii herufi 10, wanatumia mamia ao maelfu.

Kazi yenyewe inafanyika hivi. Mnyama anawekwa katika alkoli, siyo katika formoli, kwa sababu formoli inaharibu ADN. Wanakata kipande kidogo, kama mguu ao pembe, na mwili unabaki kwa kutazamwa. Wanatoa ADN. Lakini ya kidudu cha milimetre 3 ni kidogo mno, lazima iongezwe. Njia ya kuongeza ilivumbuliwa mwaka 1983 na Mmarekani Kary Mullis, naye alipata zawadi ya Nobel ya kemia mwaka 1993. Wanapasha moto karibu digri 95 kusudi nyuzi mbili za ADN zitengane, wanapooza kusudi vipande vidogo vya kuanzishia vinate mahali pake, halafu wanapasha tena karibu digri 72 kusudi nakala ijengwe. Kila mzunguko unafanya moja kuwa mbili. Watu wa hesabu, jaribuni: mizunguko 30 inatoa nini? Ni 2 mara 2 mara 2 mpaka mara 30, yaani nakala 1,073,741,824 kutoka moja, kama hakuna kinachopotea njiani. Mwishowe mashine inasoma herufi.

Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Kanada, walishauri watu wote watumie kipande kimoja cha jeni moja kwa kutambulisha wanyama. Jeni hiyo inaitwa COI, iko katika mitokondria, na kipande kile kina herufi karibu 658. Ni kama numero ya kitambulisho: unasoma herufi za mnyama usiyemjua, unatafuta katika orodha kubwa nani anafanana naye.

4. MFANO WA KWANZA: MTOTO ALIYEKOSA MAMA MIAKA 184

Mwaka 1828 Mwingereza John Edward Gray aliandika juu ya kidudu cha ajabu kilichopatikana ndani ya tumbo la pomboo. Kilikuwa na silaha mwili mzima, na pembe nene. Akakipa jina Cerataspis monstrosus, maana yake ni kama kusema "ngao yenye pembe, ya kutisha". Baadaye wengine walipatikana ndani ya matumbo ya samaki wakubwa kama jodari. Wenye elimu walishuku ya kuwa ni mtoto wa kamba fulani, lakini kamba gani? Njia ya kawaida ni kumfuga mtoto mpaka akue, kama tunavyofuga kiluwiluwi mpaka awe chura. Hapa haikuwezekana. Kidudu ni haba sana, na kila mara walimkuta amekwisha kumezwa.

Kisha mmoja akapatikana katika maji ya Ghuba ya Mexico. Heather Bracken-Grissom na wenzake wa Marekani wakasoma jeni 5 zake, wakazilinganisha na jeni za kamba wengi. Mwaka 2012 walitoa jibu. Herufi zake zilipatana karibu zote na za kamba mwekundu wa kilindini, aliyeitwa Plesiopenaeus armatus. Huyu mkubwa anaishi chini sana, kwenye giza, hata kupita metre 3,000, wala hana zile pembe nene za mtoto. Mtoto anaelea juu zaidi, ndiyo maana pomboo na jodari wanamkuta.

Sisi tunasema: "Mtoto wa nyoka ni nyoka." Kwa tabia ni sawa, lakini kwa sura hapa mezali imeshindwa kabisa. Tena kuko jambo la kuchekesha. Sheria ya majina ya wanyama inasema, kama mnyama mmoja ana majina mawili, jina la kwanza kuandikwa linashinda. Jina la mtoto ni la 1828. Jina la mkubwa lilitolewa na Spence Bate mwaka 1881. Basi leo mama anaitwa kwa jina la mtoto, kama vile kwetu Mama fulani anavyoitwa kwa mzaliwa wake wa kwanza.

5. MFANO WA PILI: WAWILI WALIOHESABIWA VIBAYA

Katika bahari za kaskazini, karibu na Norway, Greenland na Svalbard, kuko kopepodi wa jina Calanus. Ni wadogo, milimetre chache tu, lakini wamejaa mafuta. Aina mbili zinahusu habari yetu. Calanus finmarchicus anapenda maji yasiyo baridi kupita kiasi, na watoto wa samaki wa morue wanategemea sana watoto wake kwa chakula. Calanus glacialis anapenda maji ya barafu. Ni mkubwa zaidi kidogo na ana mafuta zaidi, na ndege mdogo wa bahari wa kule, anayelea watoto Svalbard, anamtafuta yeye kuliko yule mwingine.

Namna gani waliwatofautisha? Sana sana kwa urefu. Mrefu ni glacialis, mfupi ni finmarchicus. Watu walihesabu maelfu na maelfu hivyo kwa miaka mingi. Na hesabu hiyo ina kazi kubwa: bahari inapopata joto, aina ya maji vuguvugu inasogea kaskazini, na aina ya barafu inarudi nyuma. Kwa hiyo ukihesabu vibaya, unasoma vibaya mageuzi ya bahari nzima na chakula cha samaki.

Mwaka 2017 Marvin Choquet na wenzake walitoa ramani mpya, waliyoifanya kwa alama za jeni zilizo katika kiini cha seli. Wakaona urefu wa aina hizi mbili unaingiliana: kuko glacialis wafupi na finmarchicus warefu. Wakakuta glacialis ndani ya fyordi za Norway, kusini sana kuliko watu walivyofikiri. Alikuwa pale, lakini kila mara alihesabiwa kuwa mwenzake kwa sababu ya ufupi wake. Tuseme mtu amepanga wanafunzi wa shule hii kwa urefu tu, warefu wote ni wa mwaka wa sita, wafupi wote ni wa mwaka wa kwanza. Munajua wenyewe ni nani kati yetu angerudi mwaka wa kwanza.

6. MFANO WA TATU: MDUDU WA MAPAFU YA NYOKA

Huyu haishi baharini, anaishi kwetu, lakini ndugu zake ni krustase wa majini. Ndani ya mapafu ya chatu na ya nyoka wengine wa Afrika ya Kati kuko mdudu mwenye pete-pete, kama mnyoo. Jina lake ni Armillifer. Hana miguu, karibu mdomoni ana kulabu tu. Vitabu vya zamani vinampanga yeye na wenzake, pentastomidi, katika nyumba yao peke yao, mbali na wengine. Ndicho kile kitabu chetu cha biblioteki chenye jalada lililopasuka kinasema.

Mwaka 1972 Karl Georg Wingstrand wa Denmark aliona ya kuwa mbegu za kiume za wadudu hawa zimejengwa sawasawa na za chawa wa samaki. Chawa wa samaki ni krustase kamili mwenye miguu na macho, anayenata juu ya ngozi ya samaki; wako hata juu ya samaki wa Tanganyika. Wengi hawakusadiki. Mwaka 1989 Lawrence Abele na wenzake wa Marekani wakasoma herufi za jeni, wakapata jibu lile lile: hawa wawili ni jamaa. Bado kuko wataalamu wachache wenye kubisha, sana sana juu ya mawe ya zamani yenye alama za wadudu hawa. Lakini ushahidi wa mbegu na wa jeni unakwenda pamoja.

Na hapa tuwape shauri la afya. Mtu anayekula nyama ya nyoka isiyoiva, ao anayeshika nyoka mbichi na kuingiza mkono mdomoni, anaweza kumeza mayai ya mdudu huyu. Watoto wa mdudu wanatembea mwilini, na mara nyingine wanafika jichoni. Mwaka 2014 madaktari waliandika habari ya wagonjwa wa namna hiyo hapa Kongo. Kwa hiyo, ninyi munaokula nyoka wakati wa likizo: pikeni mpaka iive kabisa, na munawe mikono kwa sabuni baada ya kumpasua.

7. JE, ADN HAIKOSEI?

Inakosea, ao tuseme watu wanakosea kwa kuitumia. Kwanza, mara nyingine unasoma ADN ya chakula kilicho tumboni mwa kidudu, ukafikiri ni yake. Pili, vipande vya ADN ya mitokondria vinaweza kunakiliwa ndani ya kiini cha seli na kukaa pale bila kazi. Ukisoma kile badala ya cha kweli, unaweza kuhesabu aina mpya ambayo haiko. Tatu, mitokondria inatoka kwa mama tu, kwa kawaida, basi haielezi upande wa baba. Nne, kama mtu aliweka jina baya katika ile orodha kubwa, kila atakayeuliza nyuma yake atapokea jibu baya.

Kwa hiyo wachunguzi wazuri wanasoma jeni nyingi, siyo moja, na wanahifadhi mwili wa mnyama katika museo, kusudi mwingine aweze kurudi kuutazama. Bila wale waliochora na kupima kwa mikono, herufi za ADN zingekuwa numero bila jina. Bila Gray na Bate, mwaka 2012 hakuna mtu angejua herufi zile ni za nani.

8. NA PANZI JE?

Tumalize na jambo ambalo litaleta ubishi mwingine. Mwaka 2010 Jerome Regier na wenzake walilinganisha jeni 62 za wanyama wengi wenye miguu ya vipande-vipande. Wadudu, yaani panzi, nyuki, siafu na mbu, hawakusimama pembeni ya krustase. Walitokea katikati yao, kama tawi la mti ule ule. Kati ya krustase walio karibu nao sana kuko remipedi, wanyama wadogo vipofu wa mapango yenye maji ya bahari, ambao hawakujulikana hai mpaka 1979 kule Bahamas, na Jill Yager akaandika habari zao mwaka 1981. Basi kumbikumbi tunazokula wakati wa mvua ni jamaa ya kamba ya matajiri. Musione haya tena.

Siku ya mtihani, andikeni kama programu inavyotaka, lakini mujue sababu. Na kama kitabu cha zamani na kipya havipatani, musiseme mmoja amedanganya. Ulizeni: huyu alitazama nini, na yule alitazama nini?

MASWALI YA KUJIPIMA
1. Juu ya nini Linnaeus aliwaweka balani pamoja na konokono, na nani aliwaondoa pale? Kwa ushahidi gani?
2. Ukianza na nakala moja ya ADN, mizunguko 10 inatoa nakala ngapi?
3. Mwanafunzi mmoja anasema: "Siku hizi mikroskopi haina kazi, ADN inatosha." Mujibu kwa sababu mbili.

Wenye majibu walete kwa kapita wa shule kabla ya siku ya Ijumaa, baada ya kazi ya mikono. Majibu yaliyonakiliwa tutayatambua. Namna ya kuyatambua imekwisha kuelezwa hapo juu, katika numero 3.

Kapita wa shule, kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa sita, seksyo ya biolojia na kemia.